Kidole cha Shangazi na Mashine ya Moyo

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Nikiuziwa mkungu wa ndizi naugeuza chini juu kutafuta walipoficha zilizooza. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja nabaki kujiuliza anataka nini. Wanangu hunicheka, husema mama angeweza hata kupekua mifuko ya kivuli chake. Wacheke tu. Wao hawakukulia Kindu wakati wa vita, mji umezingirwa pande zote, treni imekufa, chumvi inashuka na ndege siku ile ndege inapotaka. Mtu aliyetoka kwenda kung'oa mihogo shambani alihojiwa porini na wenye bunduki, nani kamtuma, na akirudi alihojiwa na wenye bunduki wengine, huko porini kaonana na nani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na tayari nilijua kwa majina watu wa mtaa wetu ambao baba hakutaka tuzungumze mbele yao.

Mwaka wa kwanza wa vita hiyo ndipo alipozaliwa mdogo wangu wa mwisho, msichana.

Kwa ukoo wa baba, mtoto mchanga haogeshwi na mama yake. Anaogeshwa na shangazi yake, kila asubuhi, mpaka arobaini itimie na mama atoke nje. Baada ya maji, shangazi anachovya kidole gumba katika mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo, anakipitisha kifuani mwa mtoto kutoka shingoni hadi karibu na kitovu, kisha anakikandamiza upande wa kushoto na kukituliza pale. Walisema ni kufungua kifua. Ukiuliza kinafunguliwa vipi unaambiwa ndivyo tulivyokuta.

Shangazi yetu alikuwa dada mkubwa wa baba. Hakubahatika kupata mtoto, akarudi kuishi nasi, na sisi wote tulipita katika mikono yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, yote ya Kiswahili chetu cha Kindu kinachosema njo badala ya ndio, mwenye kidole gumba kipana kilichopinda nyuma kwa kupepeta na kukanda. Kazi yangu mimi, kama binti mkubwa, ilikuwa kushika sahani ya mafuta. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa chumbani wakati wa kuogesha. Hata mama aligeukia ukutani.

Arobaini ilikuwa karibu kuisha. Asubuhi hiyo mama alikuwa uani, ameegemea ukuta, kwa sababu damu ya uzazi ilikuwa bado inamsumbua na alihitaji hewa. Shangazi akamaliza maji, akachovya kidole, akakipitisha, akakituliza pale kushoto. Kikakaa. Nilichoka kushika sahani na kidole hakijaondoka. Nikamtazama usoni, amefumba macho.

“Ulishaka kutia mukono ku reli,” akaniuliza, “wakati treni ingali mbali?”

Nani asiyefanya hivyo, Kindu? Kabla ya vita ndio uliokuwa mchezo wetu. Unaweka kiganja kwenye chuma, masikio hayasikii kitu, macho hayaoni kitu, lakini chuma kinatetemeka na unajua inakuja.

“Moyo ya huyu mutoto iko inatetemeka vile,” akasema. “Usiseme kwanza. Mama yako hana nguvu. Tungoje apone, njo tutaona.”

Nikanyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimefundishwa vizuri. Lakini neno lile, usiseme, liliniingia kama mwiba mdogo wa samaki, ambao humezi wala hutemi. Nyumbani kwetu wakati ule kitu kilichofichwa kwa kawaida kilikuwa kibaya. Watu wema walificha chumvi na redio tu. Mtu anayeficha habari ya mtoto, nilijiambia, anayo sababu.

Mama alipopona, shangazi hakusema kuhusu reli. Alisema tu, “Peleka huyu mutoto ku hopitali.” Alisema siku hiyo, akasema mwezi uliofuata, akasema mpaka mama akaanza kuudhika, kwa kuwa mtoto alikuwa ananyonya na kucheka, na hospitali wakati ule palikuwa mahali pa majeruhi. Leo nadhani aliogopa kusema zaidi. Alijijua kwamba ni mwanamke asiye na mtoto, anayelala nyumbani kwa mdogo wake.

Mtoto alikua kidogo kidogo. Alikuwa mwepesi, mcheshi, na nilimpenda kupita wadogo zangu wote, nikimbeba mgongoni mpaka wenzangu wakaniita mama. Alipoanza kutembea ndipo tulipoona. Anakwenda hatua kadhaa, anasimama, anachutama, magoti kifuani, anatazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Midomo na kucha zinageuka rangi ya wino. Akikaa hivyo kwa muda anapata nafuu, anainuka, anaendelea. Watoto wa jirani waliufanya mchezo, wakawa wanachutama wote kwa pamoja. Baba haukumchekesha. Alisema ni tabia isiyo ya kawaida, mtoto anaitikia mtu tusiyemwona, na akatuagiza kwamba kila akichutama tumwinue. Basi tulikuwa tunamwinua. Mimi mwenyewe nilimshika makwapa nikamsimamisha, mara sijui ngapi, na yeye analia bila sauti.

Mwishowe walimpeleka hospitali. Daktari alimwekea mipira ya masikio, akasikiliza kifuani, akasikiliza mgongoni. Akasema moyo una kelele isiyotakiwa, na kwamba kuna mashine ya kuutazama moyo ndani bila kupasua, lakini haiko Kindu, iko Kinshasa. Kwenda Kinshasa kulikuwa kwa ndege, na ndege zilikuwa za wenye bunduki. Baba alirudi amekasirika. Alitaka kujua ni kelele gani hiyo ambayo mtu mmoja tu anaisikia, na mashine gani hiyo ambayo iko kila mara mahali pasipofikika.

Juma lile lile mtoto alizimia, akabaki amelegea mikononi mwa mama karibu asubuhi nzima. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakakaa uani. Shangazi alikuwa ametumwa mtoni kuchota maji, na nadhani alitumwa makusudi. Baba mdogo, mwenye sauti kuliko wote, akauliza swali moja: nani katika nyumba hii alijua kwamba mtoto ana kitu, kabla ya daktari?

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ningependa kuandika hapa kwamba nilitishwa, au kwamba neno lilinitoka bila kukusudia. Hapana. Nilisimama mwenyewe mlangoni nikasema, “Shangazi alijua toka mu arobaini. Aliweka kidole, akasema moyo inatetemeka. Akaniambia nisiseme.”

Nilisema kwa sababu niliamini. Nilikuwa nimemchunguza kwa miaka mitatu, jinsi anavyomtazama mtoto akicheza, jinsi anavyohesabu pumzi zake akilala, na kila kitu nilikiona kwa jicho la usiseme.

“Dokta na mipira yake mu masikio anasikia juzi,” baba mdogo akasema. “Yeye na kidole anasikia tangu miaka tatu. Alijua namna gani, kama si yeye njo alitia?”

Kidole kile ndicho kilichokuwa kikikandamiza pale pale, asubuhi arobaini. Jambo lilionekana wazi kama mchana.

Alipotoka mtoni na ndoo kichwani alikuta wamesimama. Walimwambia imeonekana; hawakumwambia imeonekana na nani. Hakupiga kelele. Aliuliza kama anaweza kumwona mtoto, akakataliwa. Wakamfungia nguo zake katika kitenge kimoja, wakamshusha hadi ukingoni, wakamtia katika mtumbwi, akavushwa kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto. Mimi nilitazama kutoka juu. Alikaa amelishika lile bunda mapajani, hakugeuka.

Mdogo wangu alikufa kiangazi cha mwaka huo huo, mgongoni mwangu, tukitoka kisimani. Alikuwa ameniomba nimshushe achutame, nikamwambia tumekaribia kufika. Nyumbani tulisema shangazi amemaliza kazi yake.

Vita ikaisha kwa namna yake. Baba na mama wakafariki mmoja baada ya mwingine. Mimi nikaolewa mapema, nikaachika, nikazaa, na nimekuwa koko, yaani bibi, kabla sijapata mvi za kutosha. Shangazi alibaki Alunguli. Alijilimia bustani, akawa anavuka kuja kwenye soko la ukingoni kuuza lengalenga, mchicha wetu. Tulikuwa tukikutana pale. Yeye ananisalimia kwa upole, anauliza habari za watoto. Mimi najibu kwa nusu mdomo na kupita. Mboga zake sikuwahi kununua, na alipowahi kunipa fungu bure nililitupa nyuma ya vibanda nilipofika mbali. Upole wake ndio ulionisumbua zaidi. Mtu uliyemfanyia vile, nilijiambia, akikuchekea, basi anakutegea.

Binti yangu mkubwa alikwenda machimbo ya Kama kuwapikia wachimbaji wa dhahabu, akaniachia mtoto wake wa kike, ana miaka mitatu. Siku moja nilikuwa naye sokoni, nachagua samaki wa moshi, nikageuka nikamkuta shangazi amepiga magoti mbele ya mjukuu wangu. Kiganja chake kimetulia juu ya kifua cha mtoto, juu ya gauni. Macho ameyafumba.

Sijui nilivyomfikia. Nilimvuta mtoto kwa nguvu mpaka akalia.

Shangazi akainuka taratibu. “Peleka huyu mutoto ku hopitali,” akasema.

“Utoe mukono yako kwa mutoto yangu!” nikamwambia mbele ya watu. “Mumoja haikukutosha?”

Akarudi kwenye mboga zake.

Nyumbani nilimwosha mtoto kifua kwa sabuni na chumvi. Na nikaapa jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu jikoni naweka kijiko chini: niliapa sitampeleka hospitali, kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia nimpeleke. Nilidhani ndio mtego wenyewe. Majuma machache baadaye mtoto akachutama uani kwa mara ya kwanza, magoti kifuani, akitazama chini. Nikasema, haya, shangazi amefanya tena. Nikatafuta maombi, nikatafuta mizizi, nikamvalisha uzi kiunoni. Miezi mitano ilipita hivyo. Angalau sikumwinua. Hilo nililikumbuka.

Siku aliyoanguka kwenye bomba la maji sikuwepo karibu. Jirani alimbeba mpaka nyumbani, akampandisha kwenye pikipiki pamoja nami, tukamshikilia katikati kama gunia. Hospitalini muuguzi alimsikiliza, akaita mwenzake, naye akasikiliza. Wakaniambia nina bahati: juma hili yuko daktari wa mioyo ya watoto, amekuja na mashine yake, anaondoka na ndege ijayo.

Bahati. Mimi neno hilo linanitia baridi. Kwa nini juma hili? Kwa nini ana haraka ya kuondoka?

Daktari alikuwa msichana, naweza kusema, mwembamba, nywele amezisuka, anazungumza Kiswahili cha upande wa Bukavu. Mashine yake ilikuwa katika mkoba kama ule wanaobebea mizani wanunuzi wa dhahabu. Nje ya mlango wanawake waliokuwa wakingoja walishanieleza yote: kwamba inapiga picha ya moyo na picha inapelekwa Ulaya, kwamba huko wanachagua mioyo ya kuja kuchukua. Nilicheka nikiwasikia, lakini nilimkaza mtoto kwapani.

“Mulazishe hapa, mama,” akasema.

“Banza na miye,” nikamwambia, nikitaka aanze na mimi.

“Weye uko na ugonjwa gani?”

“Haiko. Nataka kuona kama inauma, na kama inakamata kitu.”

Nilitegemea akasirike. Akanitazama kidogo, akaniambia nilale. Nikafungua vifungo, mwanamke mzima, mbele ya wauguzi wawili wanaobana vicheko. Akanipaka kifuani dawa nzito ya baridi, yenye ute kama bamia, na juu yake akaweka kidude kinene kilichofungwa kwenye waya, kiasi cha kidole gumba cha mwanaume. Akakipitisha. Akakikandamiza upande wa kushoto, akakituliza pale.

Nilishtuka mpaka akaniuliza kama nimeumia. Sikuumia. Nilikuwa nimeijua ile njia, kutoka shingoni, kwenda chini, kisha kushoto na kutulia. Niliiona mara zaidi ya thelathini nikishika sahani.

“Njo hii moyo yako,” akasema, akanigeuzia kioo. Kitu cha kijivu kinafumba na kufumbua, kinafumba na kufumbua, bila kuniuliza. “Iko na vyumba ine. Hapa katikati iko ukuta. Umeona ukuta? Umefika mupaka mwisho. Weye uko muzima, utatusumbua miaka mingi.”

Wauguzi wakacheka waziwazi. Mimi nikafunga vifungo, nikamlaza mjukuu wangu, nikabaki nimeshika kifundo cha mguu wake.

Kwa mtoto daktari alikawia. Alisogeza kidude kidogo tu, anarudi, anasimama. Alibonyeza mahali, na ndani ya ule ukijivu zikatokea rangi, nyekundu na bluu, zinarushwa huku na huku.

“Nani ametia hizo rangi?” nikauliza.

“Mashine njo inatia. Damu ile inakuja kwetu inaipaka nyekundu, ile inatukimbia inaipaka bluu.”

“Basi inadanganya.”

“Ku rangi, ndiyo, inadanganya,” akasema, wala hakuondoa macho. “Ku njia ya damu haidanganyi.”

Sijui kama alijua alichofanya. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtu mwenye kitu cha kutangaza akikiri kwamba kitu chake kinadanganya mahali fulani. Nikasogeza kiti karibu.

Akanionyesha. Ukuta kati ya vyumba viwili vya chini haukufika mwisho. Palikuwa na tundu, na damu ilipita pale wazi, nyekundu na bluu zikikutana. Mlango wa kwenda mapafuni ulikuwa mwembamba mno. Damu iliyochoka ilikuwa inarudi mwilini kabla ya kupata hewa, na ndiyo sababu midomo inageuka.

“Anachutamaka?” akauliza.

“Ndiyo.”

“Muacheni achutame. Akikunja miguu vile, damu inasukumwa ku mapafu. Hakuna mutu alimufundisha. Mwili yake njo ilijua.”

Nikageuza uso. Nilihisi makwapa ya mdogo wangu mikononi mwangu, jinsi yalivyokuwa membamba, jinsi alivyokuwa mwepesi kuinua.

“Mu famille yenu,” daktari akaendelea, anaandika, “alikuwaka mutoto mwingine vile?”

“Hapana,” nikasema haraka. Swali la ukoo, mimi najua linakoelekea. Linaanza hivyo, nani alikuwa hivi, nani alijua, na linaishia mtumbwini.

Hakubisha. Aliifuta dawa kifuani mwa mtoto kwa pamba, kisha akanishika mkono, mimi, bila kunionya, akauweka pale upande wa kushoto.

“Usikandamize sana. Ngojea kidogo,” akasema. “Kwa wengine inasikilika hata bila mashine. Mutu akiwa na mukono muzuri anaweza kujua mbele yetu sote.”

Nikangoja. Mara ya kwanza nilihisi tu kwamba moyo unapiga. Halafu, chini ya mapigo, nikaihisi. Ilikuwa ndogo, haikatiki, ilikuja kwenye kiganja kama chuma cha reli kinavyokuja wakati hakuna bado cha kuona. Nilikuwa nimeshasahau kwamba kiganja changu kinakumbuka.

Nikalia. Daktari alidhani namlilia mjukuu, akanieleza upesi kwamba kuna upasuaji, haufanyiki hapa, lakini ataliandika jina na picha zitatangulia, na mtoto atasafirishwa. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwuliza swali langu, polepole, nisije nikapewa jibu la kunipoza.

“Hii tundu, mutu anaweza kuitia? Na mukono? Kama anakandamiza mutoto muchanga, kila siku?”

“Hapana, mama. Moyo inajengwa mu tumbo, mu majuma ya kwanza, hata mama yake hajajua kama iko na mimba. Mutoto anazaliwa nayo. Huko hakuna mukono ya mutu inafika.”

Nililipekua jibu lile kama ninavyopekua mkungu wa ndizi. Nililigeuza chini juu. Kidole cha shangazi kilimgusa mdogo wangu baada ya kuzaliwa. Tundu lilikuwapo kabla. Hapakuwa na mahali pa kuingiza hata ukucha.

“Alikuwako mwingine,” nikasema. “Mudogo wangu. Andika.”

Akaandika. Hakuniuliza kwa nini nilikuwa nimekataa.

Siku mbili baadaye, binti yangu akiwa njiani kutoka Kama, nilivuka mto na mtoto mgongoni na chupa ndogo ya mawese mkononi. Nilikuwa sijawahi kufika kwa shangazi. Niliuliza njia kati ya bustani, wakanielekeza nyumba ya mwisho, ya udongo, imefagiliwa. Alikuwa ameinama katika lengalenga zake, mgongo umepinda. Aliponiona akajinyoosha. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akatazama nyuma yangu kama kuna wengine wanaokuja.

Akaingia ndani na kutoka. Mkononi alikuwa na bunda, nguo zimefungwa katika kitenge, fundo limekazwa, limeingia weusi kwa kushikwa. Halikufungwa siku ile. Lilikuwa limekaa nyuma ya mlango, tayari, kwa muda nisioweza kuujua.

“Sasa mutanipeleka wapi?” akauliza. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua, ili avae viatu au asivae.

Nikakaa chini pale pale kwenye udongo, mtoto akateleza mgongoni akasimama. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye mtumbwi, nianze na mashine, nimweleze vyumba vinne, nifike polepole. Yakaruka yote.

“Shangazi, njo miye niliwaambia,” nikasema. “Siku ile. Wazee waliuliza, miye njo nilisema maneno yako.”

“Najua.”

“Nani alikuambia?”

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa mto unaelekea upande gani. “Mu chumba tulikuwa wangapi?” akasema. “Mutoto, na miye, na weye na sahani.”

Miaka yote ile. Kila salamu sokoni, kila habari za watoto, lile fungu la mboga nililolitupa, alikuwa anajua. Mimi mtu wa kushuku, ninayejidai sipitwi na kitu, sikuwahi hata mara moja kuhesabu watu waliokuwa chumbani.

Mtoto alikuwa ameona chupa ya mafuta. Tangu hospitali alikuwa ameshajifunza utaratibu. Akapandisha gauni lake mpaka shingoni, akasimama mbele ya shangazi, tumbo nje, akingoja.

Shangazi hakumgusa. Alinitazama.

“Tafadhali,” nikasema.

Akaliweka bunda chini. Nikammiminia mafuta kwenye kiganja, akachovya kidole gumba, sasa kimekauka na kupasuka lakini bado kimepinda nyuma vile vile, akakipitisha kutoka shingoni, chini, kisha kushoto. Kikatulia. Akafumba macho. Mtoto alicheka kwa kutekenywa.

“Na mashine ilisema nini?” shangazi akauliza, macho bado amefumba.

“Ilisema sawa na weye.”

Kidole chake hakikuondoka. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Kisha akatafuta kitu cha kumpangusia mtoto mafuta, akageuka huku na huku, na hapakuwa na kitambaa karibu. Akalivuta lile bunda. Fundo lilikuwa limekaza mno, ikabidi atumie meno. Akatoa kitenge cha juu, kimefifia rangi, nikakitambua kilikuwa cha nyumbani kwetu, akampangusa mtoto kifua taratibu, na nguo nyingine zikabaki zimetawanyika pale chini kwenye udongo.